Serikali, hospitali ya dini, mradi au zahanati binafsi: uombe wapi kazi ya afya?

Umemaliza stashahada ya uuguzi, utabibu, maabara au dawa. Leseni unayo, na unataka kazi karibu na wananchi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya. Tanzania Bara kuna milango minne ya kubisha, na kila mmoja una tabia zake. Zanzibar ina tume yake na taratibu zake, kwa hiyo haimo humu.

Vijana wengi hulinganisha mshahara kwanza. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: mshahara huo unatoka mfuko gani? Kuna fedha za Hazina, kuna za wagonjwa na bima, kuna za mfadhili, na kuna za mfuko wa mwenye kituo. Mfuko ndio unaoamua utasubiri muda gani kabla ya kuitwa, utalipwa tarehe ngapi, na siku ya kuondolewa utaondolewa vipi. Ukilijua hilo, mambo mengine mengi yanajieleza.

| | Serikali | Taasisi ya dini | Mradi | Binafsi |
|---|---|---|---|---|
| Fedha | Hazina | Wagonjwa, bima, ruzuku | Mfadhili | Mapato ya kituo |
| Unaombea wapi | Ajira Portal (tovuti ya maombi ya kazi za serikali) | Barua kwa hospitali au dayosisi | Mtandao au barua pepe | Unakwenda mwenyewe |
| Kusubiri | Miezi, pengine zaidi ya mwaka | Wiki hadi miezi | Wiki kadhaa | Siku chache |
| Ajira | Ya kudumu baada ya majaribio | Mkataba, wakati mwingine wa kudumu | Mwaka mmoja mmoja | Mara nyingi ya mdomo |
| Hifadhi ya jamii | PSSSF (mfuko wa watumishi wa umma) | NSSF (mfuko wa sekta binafsi) kwa kawaida | NSSF | NSSF, ukiifuatilia |
| Hatari | Kukwama kwenye nyaraka | Mshahara kuchelewa | Ufadhili kukatika | Kufanya kazi nje ya leseni |

Nyaraka kwanza

Waombaji wengi huanguka hapa kabla hata hawajapimwa uwezo. Serikali ndiyo yenye masharti makali zaidi, kwa hiyo andaa jalada lako kwa kipimo chake. Likiivuka Ajira Portal, litakubalika popote.

Usajili na leseni ni vitu viwili. Cheti cha usajili hutolewa mara moja, leseni ina tarehe ya mwisho na huhuishwa. Muuguzi hupata vyote viwili Baraza la Uuguzi na Ukunga, tabibu Baraza la Madaktari Tanganyika, mtu wa maabara Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na mteknolojia wa dawa Baraza la Famasi. Kosa linalojirudia ni kuambatisha cheti cha usajili peke yake, au leseni ambayo itakuwa imekwisha siku ya usaili. Kuhuisha kunaendana na pointi za mafunzo endelevu, na pointi hazipatikani kwa usiku mmoja. Zikusanye mwaka mzima, hata kipindi ambacho huna kazi.

Majina ndiyo yanayoumiza zaidi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Neema Joseph, cha kidato cha nne Neema J. Mushi, NIDA Neema Joseph Mushi, na leseni imefuata chuo. Wewe unajijua kuwa ni mtu mmoja, mfumo haujui. Wengi hukimbilia kiapo cha mahakamani, lakini matangazo ya wito wa usaili wa Sekretarieti ya Ajira hutaka deed poll, yaani hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kuiandaa kwa wakili na kuisajili huchukua muda, na tangazo la kazi kwa kawaida hukaa wazi kama wiki mbili tu. Kwa hiyo panga vyeti vyako mezani leo, visome herufi kwa herufi, na kama kuna tofauti anza kuishughulikia sasa, kabla tangazo halijatoka.

Vitu vingine vinavyotakiwa: namba ya NIDA yenye tarakimu 20, cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, cheti halisi cha kidato cha nne na cha stashahada pamoja na matokeo yake ya kina, picha ya pasipoti ya karibuni, na majina ya wadhamini watatu wenye simu zinazopatikana. Serikali haipokei hati ya matokeo ya muda wala karatasi ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti. Aliyemaliza chuo juzi na bado hajapewa cheti hawezi kuingia mlango huo kwa sasa. Hospitali ya dini au zahanati binafsi inaweza kumpokea na matokeo ya chuo, ila leseni lazima iwepo. Bila leseni usiguse mgonjwa popote, hata ukiambiwa ni kwa wiki mbili tu.

Nakala zithibitishwe na wakili. Unapozipiga picha kwa simu ili kuzipakia, hakikisha muhuri haukukatwa ukingoni na kivuli cha mkono hakikuziba tarehe. Mhakiki asiposoma muhuri, nakala hiyo ni sawa na ambayo haikuthibitishwa.

Serikali: polepole, lakini ukishaingia umeingia

Ajira za serikali kwa kada za afya hutangazwa na Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupitia Ajira Portal. Sharti la umri ni kutozidi miaka 45. Aliye tayari mtumishi wa umma kwenye nafasi ya kuanzia hatakiwi kuomba nafasi za kuanzia.

Fungua akaunti kwa barua pepe yako mwenyewe. Wapo wanaofunguliwa akaunti steshenari kwa barua pepe ya mhudumu wa steshenari. Miezi sita baadaye mhudumu kahama, nywila haijulikani, na wito wa usaili umo ndani ya akaunti hiyo. Nywila iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Ndani ya akaunti jaza kila sehemu: taarifa binafsi, makazi, elimu, usajili wa kitaaluma, uzoefu, mafunzo mafupi, wadhamini, viambatisho, na mwisho tamko. Sehemu mbili zinahitaji uangalifu. Ya kwanza ni jina la programu uliyosoma, ambalo lilingane na lililo kwenye cheti. Tangazo likitaka Stashahada ya Uuguzi na Ukunga nawe umechagua kipengele cha jumla cha sayansi za afya, mfumo utakuona huna sifa hata kama cheti kipo. Ya pili ni mkoa unaoishi. Usaili wa kada zenye waombaji wengi hufanyika mikoani, na ukiacha Mbeya ulikosomea wakati sasa uko Mtwara kwa wazazi, nauli utailipa mwenyewe, kwa sababu msailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi.

Barua ya maombi iwe mpya kwa kila nafasi, isainiwe kwa mkono, ielekezwe kwa Katibu wa Sekretarieti, S.L.P. 2320, Dodoma, na itaje cheo kama kilivyoandikwa kwenye tangazo. "Muuguzi Daraja la II" na "Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II" ni kada mbili tofauti. Barua ya mwaka jana iliyobadilishwa tarehe bila kubadilishwa cheo huonekana mara moja. Usipoitwa, fungua akaunti usome kama kuna sababu iliyoandikwa, urekebishe, na uwe tayari kwa tangazo linalofuata.

Usaili huanza na mchujo wa maandishi, ambao siku hizi hufanyika mara nyingi kwa kompyuta, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Baadhi ya kada huwekewa vitendo katikati. Alama ya kuvuka ni 50, lakini wanaopangiwa kazi ni wale wa juu kulingana na nafasi zilizopo. Waliofaulu nafasi zikawaishia hubaki kwenye kanzidata na wanaweza kuitwa baadaye bila usaili mwingine, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu.

Maswali ya mchujo hayatoki mbali na kazi yenyewe. Hesabu za dawa zipo karibu kila mara. Mtoto wa kilo 20 mwenye malaria isiyo kali hupewa dawa mseto (ALu) vidonge 2 kwa dozi, dozi 6 kwa siku 3, jumla vidonge 12. Dripu ya mililita 500 kwa saa 4, kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika: zidisha 500 kwa 20, gawanya kwa dakika 240. Oksitosini baada ya mtoto kutoka ni yuniti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika ya kwanza. Nyakati tano za kunawa mikono, dalili za hatari kwa mtoto chini ya miaka mitano, patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi), ratiba ya chanjo: yote haya huulizwa. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu una faida kuliko karatasi za "maswali yaliyopita" zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp, ambazo majibu yake mengine yamepotoka.

Ukifaulu, kituo hukichagui. Unapangiwa halmashauri, na halmashauri inakupangia zahanati, ambayo inaweza kuwa umbali wa pikipiki saa mbili kutoka barabara kuu. Barua hukupa siku 14 za kuripoti, ukiwa na vyeti halisi vyote. Mshahara wa kwanza haulipwi hadi uingizwe kwenye mfumo wa mishahara na kupata check namba, yaani namba yako ya utumishi, na hapo mwezi au miwili hupita. Posho ya kujikimu ya ajira mpya ni haki, ila kulipwa kwake hutegemea kasma (fungu la bajeti) ya halmashauri, kwa hiyo nenda na akiba ya chakula na kodi ya chumba. Majaribio ni miezi 12, kisha unathibitishwa kazini, na hapo ndipo milango ya ruhusa ya masomo na mikopo ya benki inapofunguka.

Malipo: wahudumu wa afya wana ngazi zao za TGHS, na kima cha chini cha mshahara serikalini kwa ujumla kilipandishwa hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa PSSSF unakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 15. Bima ya NHIF ni asilimia 3 kwako na 3 kwa mwajiri. Aliyesoma kwa mkopo wa HESLB akumbuke kuwa asilimia 15 ya mshahara hukatwa kuurejesha.

Neno moja kuhusu vyeti vya kughushi. Mwaka 2017 uhakiki uliwaondoa kazini watumishi 9,932, wengine wakiwa wamekaribia kustaafu. Anayekuambia atakutengenezea cheti cha kidato cha nne anakuuzia kesi.

Kuna njia mbili za pembeni ambazo watu huzisahau. Halmashauri huajiri kwa mkataba mfupi kwa mapato ya ndani, na tangazo hubandikwa kwenye mbao na tovuti yao. Vilevile Taasisi ya Benjamin Mkapa huajiri wataalamu kwa fedha za wafadhili na kuwapeleka vituo vya serikali. Yote mawili ni mikataba ya muda, lakini uzoefu unaopatikana ni wa kituo cha serikali kabisa: GoTHOMIS (mfumo wa kompyuta wa vituo vya serikali), rejesta za MTUHA (taarifa za huduma za afya), kliniki ya chanjo ya mkoba inayofuata watu vijijini.

Hospitali ya dini: uliza mwajiri ni nani

Makanisa yamekuwa na hospitali nchini tangu kabla ya uhuru, na mwaka 1992 Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo waliunda CSSC, tume inayoratibu huduma hizo na kusimamia makubaliano na serikali. Pale ambapo wilaya haikuwa na hospitali yake, ya kanisa ilifanywa hospitali teule. Matokeo yake ni kwamba katika wodi moja unaweza kukuta wauguzi watatu wa zamu moja wenye waajiri watatu: mmoja ni mtumishi wa serikali aliyepelekwa pale, mwingine ni wa hospitali yenyewe, wa tatu ni wa mradi. Kazi ni ileile, mishahara mitatu. Ndiyo maana swali la kwanza kwenye mahojiano liwe: jina la mwajiri litakaloandikwa kwenye mkataba wangu ni lipi, na fedha zinatoka wapi?

Kuomba ni kwa barua kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali, nakala kwa katibu wa afya wa dayosisi kama ni kituo kidogo. Ipeleke kwa mkono ukiweza. Nafasi nyingi hazitangazwi magazetini. Hujazwa na mtu ambaye barua yake ilikuwa juu ya meza siku muuguzi fulani alipoitwa serikalini. Baadhi huomba barua ya utambulisho kutoka kwa paroko, mchungaji au imamu wako. Ni jambo la tabia zaidi kuliko dhehebu; Waislamu wanafanya kazi hospitali za kanisa, na Wakristo vituo vya Waislamu, siku zote. Lakini kuna vituo vinavyotaka uhudhurie sala ya asubuhi kabla ya ripoti ya zamu. Kama jambo hilo linakukwaza, liulize mapema.

Usaili hapa mara nyingi ni wa mikono: weka kanula, pima presha, funga kidonda, soma patografu hii uniambie utafanya nini. Aliyesoma kwa kukariri huonekana dakika ya tatu.

Kwa anayeanza kazi, tunaona hapa ndipo shule ilipo. Zahanati ya serikali yenye watumishi wawili itakufundisha kujitegemea, lakini hospitali ya dini ina chumba cha upasuaji, ina daktari wa kumwuliza usiku, ina wodi ya watoto inayojaa msimu wa mvua. Miaka miwili pale humtoa muuguzi anayeweza kusimama popote. Nyumba ya mtumishi ndani ya uzio nayo ni ya kawaida, na inaokoa kodi.

Udhaifu ni fedha. Hospitali inayotegemea malipo ya wagonjwa na madai ya bima huyumba madai yakichelewa, na mshahara wa tarehe 28 unaweza kufika tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Waulize watumishi waliopo, getini au kantini, mara ya mwisho mshahara ulichelewa siku ngapi. Watakuambia. Angalia pia kifungu cha ufadhili wa masomo: wengine hukusomesha shahada kwa sharti la kurudi kuwatumikia miaka kadhaa. Ni mpango mzuri, ila soma gharama ya kuuvunja kabla ya kusaini.

Miradi: mshahara mkubwa wenye tarehe ya mwisho

Mashirika yanayofanya kazi za VVU, kifua kikuu, malaria, uzazi na lishe huajiri wauguzi, matabibu na watu wa takwimu. Mshahara kwa kawaida huzidi wa serikali kwa kada ileile, mara nyingi pamoja na bima nzuri na kiinua mgongo mwisho wa mkataba. Kwa upande mwingine, mkataba hufuata mwaka wa bajeti wa mfadhili. Fedha za serikali ya Marekani huanza Oktoba 1 na kuishia Septemba 30, ndiyo maana watu wa miradi hiyo huanza kuwa na wasiwasi kila Agosti. Na kuna yasiyotabirika: Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wafanyakazi wengi wa miradi ya afya nchini wakajikuta nje kabla mikataba yao haijaisha. Fedha ya mradi ipangie akiba ya miezi mitatu hadi sita tangu mshahara wa kwanza; ukianza kuishi kwa kiwango chake chote, umejiweka pabaya.

Maombi ni ya namna nyingine kabisa. Hawataki rundo la vyeti mwanzoni. Wanataka barua na wasifu, mara nyingi kwa Kiingereza, katika faili moja la PDF, na kichwa cha barua pepe kiwe vilevile kama tangazo linavyosema. Mwenye waombaji 600 huchuja kwa kichwa cha barua pepe kwanza. Wasifu usizidi kurasa tatu, na uandike kazi kwa namba. "Nilishiriki kutoa huduma za tiba na matunzo" haisemi chochote. Andika ulihudumia wateja wangapi kwa mwezi kwenye kliniki, wangapi walikuwa wameacha dawa na ukawafuatilia wakarudi, ulijaza ripoti gani na kwenye mfumo upi. Kama umegusa DHIS2 (mfumo wa takwimu za afya) au kanzidata ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU), itaje, kisha ujiandae kuulizwa, kwa kuwa kuna mtihani wa kompyuta na watu hukwama kwenye Excel ya kawaida.

Siku ya mahojiano uliza mambo matatu: mradi umebakiza miaka mingapi, fedha zinapitia shirika lenyewe au asasi ndogo ya wilayani, na eneo lako la kazi ni vituo vingapi. La tatu ndilo litakaloamua kama utaishi kwenye pikipiki.

Tahadhari nyingine haizungumzwi sana. Muuguzi anayekaa miaka mitatu akipima VVU na kujaza fomu hupoteza mkono wa wodini. Mradi ukifungwa, anarudi sokoni akishindana na aliyekuwa akizalisha kila usiku. Omba zamu moja au mbili kwa mwezi wodini kwenye kituo unachokisimamia. Waganga wafawidhi wengi hukubali kwa furaha, wana upungufu wa watu.

Usichanganye nafasi hizi na ile ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango jumuishi uliozinduliwa Januari 31, 2024 unalenga kufikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wanaochaguliwa na wananchi wa kitongoji au mtaa wao na kupewa mafunzo ya miezi sita. Ni kazi ya heshima inayolipwa posho, na haikukusudiwa mwenye stashahada anayetafuta ajira. Kama una ndugu aliyeishia kidato cha nne na anapendwa mtaani kwenu, mwambie yeye afuatilie ofisi ya mtendaji.

Binafsi: unaanza Jumatatu

Hapa unaingia asubuhi na bahasha, unaonana na mwenye kituo, jioni unaambiwa uje na koti lako. Kasi hiyo ndiyo faida. Zahanati na polikliniki za mijini zinahitaji watu daima, kwa sababu watu hawakai. Mtu anayejua kujaza fomu za bima bila zikarudishwa ana thamani ya pekee: namba ya kadi sahihi, saini ya mgonjwa, utambuzi unaolingana na dawa na vipimo. Ukilijua hilo, liseme mapema, kwani fomu zikikataliwa mwenye kituo ndiye anayekosa fedha. Wengine humkata mfanyakazi fedha hizo mshaharani. Sheria haimruhusu mwajiri kujikatia atakavyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakulinda hata kama mwenye kituo hajawahi kuisoma. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Ziada hulipwa mara moja na nusu, na haizidi saa 50 katika wiki nne. Kazi ya usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua pacha. Maelezo ya ajira yawe kwa maandishi.

Sasa piga hesabu. Tuseme zahanati inakupa 450,000 kwa zamu za saa 12, siku sita kwa wiki, bila NSSF. Hizo ni saa 72 kwa wiki, karibu 312 kwa mwezi, yaani kama shilingi 1,440 kwa saa. Hospitali ya dini inakupa 480,000 kwa saa 45, ambazo ni 195 kwa mwezi: kama shilingi 2,460 kwa saa, na juu yake NSSF ya asilimia 20, ambayo wewe hukatwi zaidi ya 10. Kwa mwezi zinaingia 96,000 kwa jina lako, kwa mwaka 1,152,000. Na ile zahanati, kwa saa 27 za ziada kila wiki, imefikisha 108 kwa wiki nne, zaidi ya mara mbili ya kinachoruhusiwa. Tofauti ya 30,000 uliyoiona mwanzoni haikuwa na maana yoyote.

Kama makato ya NSSF yanaonekana kwenye hati ya mshahara, hakikisha pia yanafika: baada ya mwezi wa pili angalia taarifa yako ya michango. Kukatwa bila kupelekwa hutokea, na hugunduliwa siku mtu anapokwenda kudai mafao.

Mambo mawili usiyakubali hata njaa ikikubana. La kwanza ni kuacha vyeti halisi kwa mwajiri "kwa usalama". Mpe nakala. La pili ni kukodisha leseni: mwenye kituo anaandika jina lako kwenye usajili, anakulipa kidogo kila mwezi, na anayetibu ni mtu mwingine. Mgonjwa akifa, baraza litamtafuta mwenye jina. Ni vilevile kwa muuguzi anayeachiwa zahanati nzima usiku aandike dawa na kufanya mambo yasiyo ya kada yake. Mwenye kituo atafungua kingine. Leseni iliyofutwa hairudi kirahisi.

Wapi uanzie

Kuomba serikalini ni bure, kwa hiyo kila mwenye sifa aombe kila tangazo linapotoka, huku akifanya kazi kwingine. Kukaa nyumbani mwaka mzima ukisubiri ni kupoteza mikono na pointi za leseni. Mwenye familia inayomtegemea na anayetaka mkopo wa nyumba baadaye, serikali ndiyo shabaha yake, na hospitali ya dini ndiyo kituo cha kusubiria. Mwenye miaka 40 na zaidi asizubae, ule ukomo wa 45 uko karibu. Kijana asiye na majukumu, mwenye Kiingereza kizuri na anayependa takwimu, ajaribu mradi, kwa akiba. Binafsi tungeishauri kwa miezi michache ya mwanzo, au kwa aliyepata kituo chenye mkataba wa maandishi na daktari anayefundisha. Vipo, hasa miji mikubwa.

Kujitolea bila malipo kwenye kituo cha serikali ni njia nyingine, na hujenga uzoefu, ila iwe na barua ya Mganga Mkuu wa Halmashauri yenye tarehe ya kuanza na kumaliza. Bila barua, miezi yako minane haipo.

Kuna mgongano mmoja wa kuupanga mapema. Barua ya serikali inakupa siku 14 za kuripoti, na mkataba wako wa hospitali ya dini au zahanati, kama unalipwa kwa mwezi, unataka notisi ya siku 28. Usitoroke. Peleka notisi ya maandishi siku hiyohiyo, omba kupunguziwa siku, na kama hawakubali mwajiri ana haki ya kukata kwenye malipo yako mshahara wa siku ambazo hukuzitumikia. Ni fedha kidogo ukilinganisha na jina baya kwa mtu ambaye umemwandika kuwa mdhamini. Kabla ya kuondoka dai cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe, kikiwa na kazi uliyofanya na tarehe zake, na hakikisha jina lililo juu yake linafanana na la NIDA.